Mti Usiotoa Sauti

Tanga, 19 Agosti 1954

Kwa shemeji yangu Miraji bin Uweso, Maramba.

Salamu hizi zikufikie wewe, Bi Mwamvua na watoto, zikukuteni katika kheri. Sisi huku afya tunayo, alhamdulillahi. Mama yangu, Bi Harusi, anakusalimu sana. Masikio yake yamezidi kuwa mazito, siku hizi ukitaka akusikie lazima umshike bega kwanza. Idi ya kuchinja ilipita kimya. Majirani walituletea nyama hata tukaigawa, kwani tumebaki wawili tu nyumbani. Dukani kazi haikatiki. Meli zikitia nanga mabaharia huja na saa zilizoingia maji ya chumvi, nami nashinda mezani nikizifungua na kuzifunga.

Sasa nije kwenye neno. Fundi Idarusi amekwisha kuing'oa sakafu yote ya ghorofani. Nilimwambia asibakishe hata ubao mmoja, hata zile mbao zilizoonekana nzima. Zilikuwa mbao nyeupe laini za Ulaya, alizozitia yule Mgoa aliyemuuzia nyumba marehemu baba yangu. Juu rangi inang'aa, ndani mchwa wamekula wakabakisha ganda. Hakuna aliyejua, Miraji. Hata Idarusi, aliyezigonga kwa nyundo mwaka juzi, hakujua. Tulikuja kujua mwezi wa sita, siku ile, kwa ubao wa karibu na dirisha.

Boriti zenyewe ni nzima. Ukisimama dukani ukitazama juu, waona boriti, na juu ya boriti waona mabati. Wewe umeishi msituni na wapasua mbao. Niambie nitie mti gani, usioliwa na mchwa, usiooza, usiopinda. Sina haraka. Nataka nichague vizuri.

Msalimu aliyeko kwako. Mwambie mimi mzima.

Ndimi shemeji yako,
Mohsin bin Turki


Maramba, 7 Septemba 1954

Shemeji Mohsin,

Barua yako imefika kwa mkono wa dereva wa lori la mihogo, nasi tumeipokea kwa furaha. Mpe Bi Harusi shikamoo yangu, na umshike bega kwanza kama ulivyosema. Huku nguruwe wa mwitu wametutesa. Mwamvua analala na debe kitandani ili alipige wakija shambani, na watoto wanamcheka.

Umbu langu Mwanamkasi, mkeo, yupo nasi salama. Tangu alipokuja baada ya arobaini ya mwanenu Shamsiya anakula kidogo, anafanya kazi nyingi kuliko anavyoambiwa, na husema kidogo. Sina zaidi la kukuambia juu yake kwa leo.

Ama habari ya miti. Mvule ndio mkubwa wao. Mchwa huuzunguka akaenda zake. Lakini wapasuaji wangu wa Kidigo hawaukati kabla hawajauaga. Humwaga maji ya unga shinani na kusema maneno, nami husimama kando mpaka wamalize. Msaji ni ule uliopandwa enzi za Wajerumani karibu na Muheza. Una mafuta ndani yake, haupindi, ila wataka ungoje zamu. Mninga watoka bara kwa gari la moshi, ni mti mzuri kwa macho, ukiupasua mbichi hutoa utomvu mwekundu. Na kuna mbambakofi, wa pwani yetu hii hii. Milango ya wazee wetu ni ya mti huo, na mvua ya miaka mingapi haijaiweza.

Nimekukatia kipande cha kila mmoja. Vishike mkononi, uvinuse, uvitie maji, kisha uniandikie. Usikae sana bila kujibu. Kuna mambo hayapendi kungoja, na si mbao peke yake.

Miraji bin Uweso


Tanga, 3 Oktoba 1954

Shemeji yangu mpenzi,

Nakutakia wewe na jamaa wote siku njema. Nguruwe Mungu atawaondoa. Mama hajambo, ila goti. Fundi Idarusi ameondoka, amekwenda Pangani kwenye kazi nyingine, hakuaga. Vyombo vyake vingine viko hapa ngazini hata leo.

Vipande nimevipata, nimeviweka mezani mbele ya saa zangu. Mvule vumbi lake linaniwasha pua. Msaji harufu yake haiishi, nimefungua dirisha siku mbili na bado imo. Kile cha mninga nilikishika mara moja nikakirudisha, rangi ile sitaki iwe juu ya kichwa changu. Mbambakofi sina dosari ya kuutia, ila ni mzito na nauogopa uzito.

Nina swali ambalo hukulijibu, kwa kuwa sikuliuliza. Katika miti hiyo, ni upi usiotoa sauti? Nataka mtu akipita juu, aliye chini asisikie kitu.

Na jambo moja jingine, uniwie radhi. Katika barua yako umeandika jina la mtoto. Siku nyingine usiliandike.

Nduguyo,
Mohsin


Maramba, 22 Oktoba 1954

Shemeji Mohsin,

Salamu nyingi. Mvua za vuli zimeanza kunusa njia, barabara ya lori bado yapitika. Mwanangu wa pili ameng'oka meno ya mbele na hataki kutoka nje. Nyumbani wote hawajambo.

Umeniuliza mti usiotoa sauti. Nitakujibu kama ninavyojua. Kelele za sakafu hazitoki kwenye mti. Zatoka kwenye ubao uliopigwa misumari kabla haujakauka. Ukinywea unaacha nafasi, na msumari hulia ndani ya tundu lake. Ubao mkavu uliobanwa vizuri hausemi, uwe mvule uwe mbambakofi. Lakini hakuna sakafu ya mbao isiyojulisha mguu wa mtu. Ukitaka bubu kabisa, tafuta saruji na uombe boriti zako zivumilie.

Sasa nami nikuulize. Nyumba hiyo ina wewe na mama yako, na mama yako hasikii. Ni nani atakayepita juu hata usitake kumsikia?

Vile vipande nilikata viwiliwili, pacha zake zilibaki kwangu. Juzi Mwanamkasi alivichukua akavipanga uani, akavikanyaga kwa mguu mtupu, kimoja kimoja, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mtu. Mwamvua alitaka kumwita, nikamzuia. Alipomaliza alikuja akaniuliza swali. Sitakuandikia swali lake mpaka unijibu langu.

Miraji


Tanga, 20 Novemba 1954

Shemeji yangu Miraji,

Nakuomba msamaha kwa kuchelewa. Maulidi yamesomwa, mjini kulikuwa na watu wengi, mama akapelekwa kwa jirani akakaa na wanawake wenziwe. Hizi ndizo habari zetu. Barua hii nimeiandika na kuichana, nikaiandika tena. Hii ndiyo itakayoondoka.

Wajua mtoto alikuwa akirudi kutoka chuo cha Kurani baada ya alasiri. Hakuwa akitembea, alikuwa akikimbia. Alipanda ngazi, akavuka juu ya kichwa changu mpaka dirishani, akaweka juzuu yake kwenye rafu, kisha akateremka kula. Siku zote nilimwambia apite polepole.

Bado hupita.

Huanzia penye ngazi, huja juu ya kichwa changu, huenda mpaka dirishani, na hapo hukoma. Hateremki. Usiniambie ni panya, wala usiniambie ni mabati yanapopoa jua. Mimi ni fundi saa, Miraji. Kazi yangu ni kusikia kitu kidogo ambacho wengine hawakisikii, na mguu ule naujua.

Mwanzo nilidhani ni mbao. Nikasema zile mbao zina hila, zimezoea, nikamwambia Idarusi azing'oe zote. Mbao zimekwenda. Kule juu pana boriti na hewa, paka hawezi kupita bila kuanguka. Na bado hupita, vile vile, kama sakafu ipo. Nadhani ndilo lililomkimbiza Idarusi. Nimesomesha Yasini, walimu wakaja wakakaa mpaka magharibi. Siku ile kulikuwa kimya. Kesho yake alipita.

Jumatatu mama alikuwa kwenye kiti chake anavuta tasbihi. Miguu ilipopita, aliinua uso akatazama juu, akaifuata mpaka dirishani kwa macho. Mama yangu hasikii hata adhana.

Umeniuliza ni nani nisiyetaka kumsikia. Mimi namsikia na nitaendelea. Nisiyetaka asikie ni huyo aliyeko kwako. Nataka sakafu bubu ili siku akirudi, kama atarudi, asipatwe na haya yanayonipata mimi. Usimwambie. Ana mzigo wake wa kumtosha.

Mohsin


Maramba, 11 Januari 1955

Shemeji Mohsin,

Sasa mimi ndiye wa kuomba radhi. Mwezi mzima wa Desemba nyumba yangu ilikuwa na mgonjwa. Mwanamkasi alipatwa na homa, ikapanda na kushuka, Mwamvua akikesha naye. Amepona, ameanza kutembea uani. Bi Harusi umpe shikamoo yangu na ya wote.

Uliniambia nisimwambie. Sikumwambia. Lakini barua yako ilikuwa mfukoni mwa koti, na koti nililitundika mlangoni nikaenda kwa wapasuaji. Alilitwaa alifue. Wajua alihitimu chuoni, na hati zako za Kiarabu ni za wazi kama maandishi ya mwalimu. Nilipokuja nilimkuta ameketi kizingitini, koti limelowa ndani ya beseni, barua mapajani.

Akaniambia, "Kumbe anamsikia."

Nikakaa karibu naye. Halafu akasema maneno ambayo ameniruhusu nikuandikie kama alivyoyasema.

"Nilianza kumsikia hitima haijasomwa. Nilikuwa jikoni. Alipita mpaka dirishani akanyamaza. Nikatoka mbio kumtazama Mohsin. Alikuwa ameinamia saa ya watu, hata hakuinua macho. Kesho yake vile vile, na keshokutwa. Nikasema, ama mimi nimeingiwa na wazimu, ama huyu bwana kifuani ana jiwe. Siwezi kukaa na mtu asiyemsikia mwanawe."

Ndivyo alivyotoka nyumbani kwako, Mohsin. Si kwa ajili ya ule ubao uliovunjika chini ya mtoto. Hajapata kuutaja ubao hata siku moja.

Nami nikwambie lililokuwa mikononi mwangu. Siku aliyofika hapa alinituma nikuandikie umpe talaka. Kila nilipokaa kuandika alinikumbusha, na kila mara nilimjibu angoje kwanza nimalizane nawe habari za mbao, kwamba si uungwana kumdai mtu karatasi kama ile na nyumba yake haina sakafu. Ndiyo maana nilikuandikia miti kwa urefu. Kama nimekosea, nimekosea kwenu wote wawili. Tangu siku ya koti hajanikumbusha tena.

Na lile swali lake la uani ni hili. Aliniuliza ni mti upi ukikanyagwa na mguu mwepesi husikika zaidi.

Wewe wataka usiosema, yeye ataka wa kusema. Mimi sina mti wa kuwaridhisha nyote. Semezaneni.

Miraji


Tanga, 25 Januari 1955

Miraji, ndugu yangu,

Nilikuwa nasikia. Kila siku aliyotoka jikoni mbio, mimi nilikuwa nimekwisha kusikia kabla yake. Nilimwona kwa pembe ya jicho amesimama pale mlangoni. Nilidhani amekuja kunitazama mimi, mwenye nyumba ambaye hakuijua nyumba yake. Niliogopa nikiinua uso nitakutana na macho yake. Ile saa niliyoiinamia haikuwa na kasoro. Niliifungua na kuifunga bure.

Mwambie hayo. Akitaka karatasi nitamwandikia kwa mkono wangu, wala sitamnung'unikia. Akitaka kuja, achague mti yeye. Mimi juu ya sauti sisemi tena.

Mwambie Shamsiya hupita bado, baada ya alasiri.

Mohsin


Maramba, 8 Februari 1955

Shemeji Mohsin,

Kwa haraka, lori linapakiwa. Mwanamkasi amekaa mbele kwa dereva, na nyuma yake kuna mbao zako. Ni mbambakofi. Gogo lililala mwaka mzima kabla halijapasuliwa, na mbao nilizipasua mara nilipopata barua yako ya kwanza, nikazipanga kivulini na vijiti katikati zipate hewa. Sikukuambia, kwa kuwa ulisema huna haraka, nami niliona mtu anayesema hivyo juu ya nyumba isiyo na sakafu asisikilizwe sana.

Mti amechagua yeye. Nilimuuliza kwa nini huo. Alisema ukiugonga unajibu, na ukiukanyaga haulalamiki.

Sikufichi kitu sasa. Hakuniambia kama anakuja kukaa au kusikiliza tu. Nguo nyingi ameziacha kwa Mwamvua. Mpokee kwa taratibu, usimuulize.

Miraji


Tanga, 12 Aprili 1955

Kwa shemeji yangu Miraji, na Bi Mwamvua aliyemuuguza mke wangu, Mungu awalipe kwa yote mliyotutendea.

Najua mmengoja barua hii. Masika yameanza huku, mabati yanalia mchana kutwa. Mama goti limepata nafuu. Ramadhani inakaribia, na Mwanamkasi amemwambia mama kwamba mwaka huu tambi atapika yeye. Habari ya karatasi hajaitaja, wala sijamuuliza, kama ulivyoniusia. Asema Bi Mwamvua amletee nguo zake dereva akija.

Siku aliyofika aliwasalimu majirani, akaenda jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Tuliposali alasiri alikuja dukani akakaa kwenye kiti cha wateja. Mimi niliweka chini koleo. Miguu ikaja, ikapita juu yetu kwenye zile boriti tupu, ikaenda dirishani, ikakoma.

Akasema, "Namsikia."

Nikamwambia, "Nami namsikia."

Ndiyo maneno ya kwanza tuliyosemezana tangu mwezi wa sita. Tulilia, Miraji, mteja akaingia akatoka. Baada ya hapo kila alasiri tulikaa pamoja, na miguu ikiisha kupita tulianza kumzungumzia mtoto. Mwanamkasi alinikumbusha alivyokuwa akimwiga mwalimu wake kwa sauti, na alivyoficha kokwa za ukwaju kwenye makopo yangu ya skrubu. Nilikwenda nikayafungua. Zimo.

Idarusi hakukubali kurudi, alituma mtu achukue vyombo vyake. Nimempata Ernesti, Mbondei wa Muheza, mtu wa taratibu. Alianza kutia mbao upande wa ngazi. Zikawa zinakaribia dirisha, na miguu ikawa haiji kila siku. Ikaja leo, ikakosa kesho. Mwanamkasi alipoona hivyo alimwambia Ernesti asitie ubao wa mwisho, ule wa dirishani. Aliuacha wazi. Ernesti hakuuliza sababu, alikwenda kwao akangoja aitwe. Tulikaa chini ya ule uwazi alasiri baada ya alasiri. Mvua ilinyesha, ikapata kukatika. Hakuja.

Ijumaa mke wangu alinifulia kanzu, akanipa, akasema nikitoka msikitini nipitie kwa yule dereva wa lori, amwite fundi. Ernesti alipokuja, yeye mwenyewe alisimama chini ya uwazi ule akamwambia, "Funga sasa." Alisimama pale pale mpaka msumari wa mwisho. Kisha akaingia jikoni na mlango akaurudisha.

Nilitaka kimya, nimekipata. Si kitu chepesi. Siku za kwanza niliangusha skrubu mikononi kwa kukisikiliza. Mwanamkasi naye husimama katikati ya kazi na kijiko mkononi.

Leo nilikuwa mezani baada ya alasiri, mama amekaa kwenye kiti chake. Nikasikia miguu juu. Lakini haikuwa ile. Ilikuwa mizito, ya polepole, ikapita juu ya kichwa changu mpaka dirishani, ikasimama. Sijapata kuisikia sakafu ikijibu vizuri kama vile. Kumbe nilikuwa nimesimama bila kujijua.

Nikaita, "Mwanamkasi."

Akaitika, "Abee."

Asema mti umekaa vizuri, hauna pengo hata la wembe, na kutoka dirishani anaona bandari yote. Asema nipande nikaone. Miraji, mimi sijakanyaga ngazi ile tangu siku ile. Idarusi aling'oa na Ernesti akatia, nami niliwatazama nikiwa chini. Nilikaa nikaanza kukuandikia ili nipate sababu ya kungoja. Ameniita tena sasa hivi, na safari hii ameniita kwa jina langu.

Kalamu naiweka. Napanda.

Mohsin bin Turki